Kalsiamu kwenye kongosho: jinsi ya kuielewa na kumwelezea mtu kwa kikombe cha mchele

Hii naandikia watu wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi wa uuguzi, wa maabara au wa famasi ambaye amefika kwenye topiki ya ishara za kalsiamu, yaani jinsi seli inavyotumia kalsiamu kupeana amri, akakwama hapo. Wa pili ni mtu ambaye mgonjwa wake amelazwa, ameambiwa ni kongosho imevimba (kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachosaidia kusaga chakula na kutoa insulini), na amepewa karatasi ya maabara asojua pa kuanzia kuisoma. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, manake nafundisha vijana hapa Mombasa haya mambo ya seli, na shangazi yangu wa Majengo akalazwa kwa ugonjwa huohuo.

Alitoka harusini, kala biriani kama watu wote, saa nane za usiku tumbo likamshika hapa chini ya kifua likapenya mpaka mgongoni. Kulala chali hawezi. Tulimkuta amekaa kitako kwenye mkeka, amekumbatia mto, kainama mbele, jasho lamtiririka, na anatwambia ni alsa zake tu. Siku mbili nzima akanywa ile dawa nyeupe ya alsa kabla hajakubali kupelekwa hospitali, na huko wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo na kongosho imevimba. Kesho yake daktari kijana, tena mwenye subira kweli, akatueleza kwamba kwenye ugonjwa huu kalsiamu hujaa ndani ya seli za kongosho mpaka seli zinajiharibu zenyewe. Jioni karatasi ya maabara ikaja, kalsiamu 1.9 (milimola kwa lita), na kando yake mshale wa kuonyesha iko chini. Binamu yangu akatoka mbio hadi Mwembe Tayari akarudi na chupa ya tembe za kalsiamu na pakiti mbili za maziwa. Shangazi akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii kalsiamu ni nyingi ama ni kidogo? Mbona mwanivuruga?"

Nilimjibu kwa mchele, pale pale kitandani. Ikamwelea, na tangu siku hiyo ndivyo ninavyofundisha hata darasani. Nakuonyesha hatua kwa hatua.

Andaa vitu

Unahitaji karatasi kubwa (nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita inafaa sana), kalamu mbili za rangi tofauti, kikombe kimoja cha chai kilichojaa mchele mkavu, kisahani na kijiko. Mchele wowote, lakini mrefu wa pishori unaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi nyeupe. Basi.

Chora seli kwanza

Menya chenza au chungwa ulikate katikati uangalie zile tembe zilivyokaa, kila moja pana nje na nyembamba ndani, zote zimeelekeza ncha katikati. Hivo ndivyo seli za kongosho zinazotengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula zilivyojipanga, na pale katikati kwenye ncha ndo kimfereji kinapoanzia, kinaungana na vingine mpaka mfereji mkubwa unaomwaga kwenye utumbo mwembamba. Chora tembe moja tu, kubwa, ijae karatasi. Upande mpana chora kiini cha seli na mistari mingi ya kuzunguka zunguka, hiyo ndo ghala ya kalsiamu, kwa jina lake la shule retikulamu ya endoplazimu. Upande wa ncha chora vifuko vidogo vidogo vingi vya mviringo, hivyo vimejaa vimeng'enya ambavyo bado vimelala. Katikati ya hizo pande mbili, nyuma tu ya vifuko, chora mkanda wa mitokondria, kama vijiharage vimepangwa mstari. Huo mkanda usiusahau, wanafunzi wangu huusahau kila mwaka na ndio wenye siri kubwa.

Halafu andika pembeni: hii seli hutengeneza protini kwa wingi kuliko karibu seli zote za mwili. Kongosho yenyewe ni ndogo, gramu 100 hivi, imejificha nyuma ya tumbo, lakini kila siku inatoa lita moja na zaidi ya maji ya kusagia chakula. Na vimeng'enya vinavyotoka pale vinatoka hasa kwa amri ya kalsiamu.

Sasa weka mchele

Hapa ndo pa kwenda polepole. Kikombe cha chai cha mchele kina kama punje elfu kumi, ukichukulia punje moja ina uzito wa miligramu 20 hivi. Weka kikombe chote nje ya mchoro. Kisha chukua punje MOJA uiweke ndani ya seli.

Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Nje ya seli, kwenye majimaji ya mwili, kalsiamu iliyo huru ni zaidi kidogo ya milimola 1 kwa lita, ndani ya seli iliyotulia ni kama nanomola 100, yaani nje ni mara elfu kumi ya ndani. Mwambie unayemfundisha aangalie ile punje moja na kile kikombe, anyamaze kidogo aangalie, manake ukishaiona kwa macho huwezi tena kuchanganya kalsiamu ya damu na kalsiamu ya ndani ya seli. Ni kama umati unaongoja feri pale Likoni, geti limefungwa, ndani ya feri kuna mtu mmoja tu na nje watu hadi barabarani. Geti likiachiwa hata kidogo unajua mwenyewe kitakachotokea.

Chukua kijiko kingine cha mchele sasa umwage juu ya ile mistari ya ghala. Ghalani mle kalsiamu ni nyingi, karibu sawa na ya nje, kwa hivyo ile sehemu tupu ya seli imezingirwa na mchele pande zote mbili, nje na ghalani, na yenyewe inabidi ibaki na punje moja.

Inabakije? Kwa pampu. Chora pampu kwenye ukuta wa ghala na nyingine kwenye ukuta wa nje. Ya ghala hurudisha kalsiamu ghalani, ya nje huitupa nje, na zote mbili zinakula ATP, ile nguvu inayotengenezwa na mitokondria. Ya ghala inalipa ATP moja kwa kila kalsiamu mbili, ya nje inalipa moja kwa moja. Andika neno ATP kwa rangi ya pili, kubwa, ulizungushie duara. Tutalirudia, na ukilisahau hapa, ugonjwa wote hutauelewa.

Chakula kikishuka

Sasa mtu amekula, tuseme mahamri na mbaazi za nazi. Mafuta na protini zikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za pale zinatoa homoni inayoitwa kolesistokinini, na mshipa wa fahamu wa vagasi nao unamwaga asetilikolini. Hizi mbili zinagonga mlango wa seli, kwenye upande ule mpana, haziingii ndani. Mlango ukigongwa, ndani yake kunakatwa kijumbe kidogo kinaitwa IP3, ndicho kinachokimbia kwenda kufungua ghala.

Jambo moja linanipa furaha kila nikilisema darasani. Mwaka 1983 ndipo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwamba IP3 inafungua ghala ya kalsiamu, na seli zilizotumika zilikuwa za kongosho. Haikuwa moyo wala ubongo! Leo hicho kijumbe kinafundishwa kwa karibu kila kiungo cha mwili lakini kilianzia hapa, kwenye hiki kiungo ambacho wengi hawajui hata kiko wapi.

Fanya kwa mkono: toa punje kumi hivi kutoka ghalani, uziweke kwenye ncha tu, pale penye vifuko. Hesabu moja, mbili, tatu, nne... halafu zirudishe ghalani zote. Tena toa, hesabu, rudisha. Tena. Hivyo ndivyo seli yenye afya inavyofanya kazi, kalsiamu inapanda sekunde chache pale kwenye ncha na kushuka, inajaa na kupwa kama maji ya Tudor, na kila ikijaa vifuko vichache vinafunguka kumwaga vimeng'enya kwenye mfereji. Ule mkanda wa mitokondria unazuia kalsiamu isisambae kwenda upande wa kiini, unainyonya kidogo, na hicho kidogo unachonyonya kinauhimiza utengeneze ATP zaidi, ambayo ndiyo inayoendesha pampu za kuirudisha. Yaani kazi inajilipia yenyewe. Mimi nimefundisha hii miaka na bado nikiichora nastaajabu.

Waambie wanafunzi wasiseme "kalsiamu iliongezeka" halafu wakanyamaza. Waseme iliongezeka WAPI, kwa MUDA gani, na ilirudi ama haikurudi. Nikisahihisha karatasi hayo matatu ndiyo ninayoyatafuta.

Na kwa vile kila mara kidogo kinatupwa nje, ghala lingekwisha. Kwa hivyo kuna mlinzi ndani ya ghala, jina lake STIM1, akiona limepungua anafungua mlango wa ukuta wa nje unaoitwa Orai1, kalsiamu ya kikombeni inaingia kidogo kidogo kujazia. Hawa wawili walijulikana mwaka 2005 na 2006, majuzi tu. Chora huo mlango, uandike jina lake, manake madaktari wana mpango nao.

Upande wa sukari

Kwenye kona ya karatasi chora kiduara kingine, hiki ni cha seli ya beta inayotoa insulini. Zinakaa kwenye visiwa vidogo vilivyotawanyika ndani ya kongosho, Paul Langerhans aliviona mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi kule Berlin, na hakujua vinafanya kazi gani. Vyote pamoja ni asilimia moja au mbili tu ya kongosho.

Hapa ngoma ni ileile ila mlango ni mwingine. Sukari inaingia ndani, inachomwa, inatoa ATP, na ATP ikiongezeka inafunga mlango wa potasiamu, mlango ukifungwa umeme wa ukuta wa seli unabadilika, na huo umeme ndio unaofungua mlango wa kalsiamu wa ukuta wa nje. Punje zinaingia kutoka kikombeni, vifuko vya insulini vinamwagwa, geti linafungwa. Na inakwenda kwa mdundo, inapanda na kushuka kila dakika chache, mdundo ambao kwa mtu anayeelekea kwenye sukari ya ukubwani huvurugika mapema.

Kama una mtu nyumbani anayemeza glibenklamidi, tembe ya kushusha sukari, hapo ndo inapofanyia kazi. Inaufunga ule mlango wa potasiamu kwa nguvu, yenyewe, haingoji sukari ipande kwanza. Ndo maana mtu akiimeza halafu asile, sukari inaweza kushuka vibaya, atetemeke, jasho baridi, achanganyikiwe. Wazee wetu wengi wanaingia Ramadhani na dozi ileile ya siku zote na hawajamwona daktari, tafadhali, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama mpeleke mzee akapangiwe upya, na akianza kutetemeka mchana afungue, asione aibu.

Na upande wa pili wa huohuo mlango: mwaka 2004 iligundulika kuna watoto wanaozaliwa na mlango wa potasiamu usiofunga, kalsiamu haiingii, insulini haitoki, wanaanza sindano wakiwa wachanga. Baadaye ikaonekana wengi wao wanaweza kuacha sindano wakatumia tembe za jamii hiyohiyo ya glibenklamidi, kwa sababu tembe inaufunga mlango uliogoma. Kuijua njia ya kalsiamu kumewatoa watoto kwenye sindano. Mtu akikuuliza haya mambo ya seli yana faida gani, mpe hiyo.

Inapoharibika

Rudi kwenye tembe ya chungwa. Sasa tunaivunja.

Zile punje za kwenye ncha, usizirudishe. Chukua kijiko umwage mchele seli nzima, mpaka kwenye kiini, na uuache. Hiyo ndiyo pankriataitisi, kongosho kuvimba ghafla. Punje ni zilezile za jana, tofauti ni kwamba hazitoki.

Nani anaumwaga? Mawe ya nyongo yanashuka yanaziba pale mfereji wa nyongo na wa kongosho unapokutana, presha inapanda ndani, na nyongo ikigusa hizi seli inaachia kalsiamu. Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi. Pombe nayo, iwe mnazi, chang'aa au ya chupa, yenyewe peke yake haina nguvu sana ya kumwaga kalsiamu, lakini ndani ya kongosho inaungana na mafuta inakuwa kitu kingine, esta za pombe na mafuta, na hizo ndo zinapasua ghala. Mafuta ya damu aina ya trigliseridi yakipanda kupita milimola 11 nayo yanaleta. Kuna dawa ya saratani ya damu ya watoto, asparajinezi, nayo huweza. Dawa za wadudu za shambani zile za kundi la oganofosfeti zinazuia asetilikolini kuvunjwa, kwa hivyo mlango unagongwa bila kusita, mtu aliyezinywa au zilizomwagikia mwilini anaweza kupata kongosho juu ya yote mengine.

Kinachofuata ukichore kwa mishale, kwa sababu vitu vinakwenda pamoja. Kalsiamu nyingi isiyotoka inawasha vimeng'enya ndani ya seli. Ile tripsini ya kusagia protini, ambayo kawaida hulala mpaka ifike utumboni ndipo iamshwe, inaamka ikiwa bado ndani ya kifuko. Kongosho inaanza kujisaga yenyewe. Hans Chiari alilisema hili mwaka 1896, kwamba kongosho inajila, na ilichukua karibu miaka mia kuona kalsiamu iko katikati ya hiyo habari. Wakati huohuo ule mkanda wa mitokondria unanyonya kalsiamu kupita kiasi, unatoboka, ATP inaanguka.

Sasa angalia neno ulilozungushia duara. ATP ikiisha, pampu zinasimama. Pampu zikisimama, kalsiamu haitoki. Kalsiamu isipotoka, mitokondria zinazidi kufa. Hapo ndipo seli zinapasuka, vimeng'enya vinamwagika nje, na maumivu yale ya kupenya mgongoni. Kama mwanafunzi atakumbuka mshale mmoja tu kati ya yote aliyochora, basi akumbuke huo unaojizungusha.

Ndo sababu watafiti wanataka kuuziba ule mlango wa Orai1, wakate mchele unaoingia kutoka nje, seli ipate nafasi ya kupumua. Dawa za namna hiyo zimeshafika kwenye majaribio ya wagonjwa hospitalini, ila bado hazijawa dawa ya kawaida ya kumwandikia mtu, kwa hivyo usihangaike kuzitafuta dukani.

Rudi kwenye karatasi ya maabara

Haya, swali la shangazi. Ndani ya seli imejaa, kwenye damu imepungua, vipi?

Kwanza pima kwa mchele: kinachotakiwa kuijaza seli mpaka ife ni punje chache sana ukilinganisha na kikombe. Kikombe hakipungui kwa ajili ya hizo, kwa hivyo usifikiri kalsiamu ya damu ndo imehamia kwenye seli.

Inakokwenda ni kwenye mafuta. Kimeng'enya cha kusaga mafuta, laipesi, kikimwagika nje kinayasaga mafuta yanayozunguka kongosho, yanatoa asidi za mafuta, nazo zinashikana na kalsiamu zinakuwa sabuni. Sabuni kweli, si mfano. Kama umewahi kufua kwa maji ya kisima hapa kisiwani unaijua: unasugua sabuni, povu halitoki, kunabaki utando mweupe mweupe umeganda kwenye beseni. Mombasa tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyetu yana kalsiamu tele, na ule utando ni kalsiamu imeshikana na mafuta ya sabuni. Daktari wa upasuaji akifungua tumbo la mgonjwa aliyezidiwa huyaona hayohayo madoa meupe juu ya mafuta. Nilipomwambia shangazi hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akasema kumbe tumboni mwake kuna dobi.

Pili, tafuta albumini kwenye karatasi hiyohiyo. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu imebebwa na protini, hasa albumini, mgonjwa akivimba na kuwekewa maji mengi albumini inashuka, na jumla ya kalsiamu inashuka nayo hata kama ile iliyo huru haijashuka sana. Hesabu yake ni rahisi: toa albumini ya mgonjwa (kwa gramu kwa lita) kutoka 40, zidisha kwa 0.02, jumlisha kwenye kalsiamu. Yake ilikuwa 30, kwa hivyo 40 kutoa 30 ni 10, mara 0.02 ni 0.2, jumlisha na 1.9 inakuwa 2.1. Kawaida ni kati ya 2.2 na 2.6 hivi, inategemea maabara. Iko chini kidogo, si ile ya kukimbilia Mwembe Tayari. Kama hospitali inaweza kupima ile iliyo huru moja kwa moja, hiyo ni bora kuliko hesabu.

Lakini usiipuuze. Kalsiamu ikiwa chini ya 2.0 ndani ya saa 48 za kwanza ni moja ya alama ambazo madaktari wamezitumia tangu mwaka 1974 kukisia ugonjwa utakuwa mkali kiasi gani. Ni habari kuhusu ukubwa wa moto. Kujaza kalsiamu kwa tembe hakuuzimi, na kwa mdomo mtu anayetapika utampaje hata hivyo. Mgonjwa akianza kuhisi ganzi kuzunguka mdomo na vidoleni, misuli ikimkaza, mikono ikijikunja, mwite nesi mara moja, hapo ndipo kalsiamu hutolewa kwa mshipa, polepole, moyo ukiangaliwa.

Kwenye karatasi utaona pia laipesi au amilesi, kimeng'enya cha kusaga wanga. Ikiwa imezidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na maumivu ni yale, utambuzi umetosha, wanahitaji mawili kati ya matatu: maumivu, kipimo cha damu, na picha ya skani. Amilesi hurudi chini siku chache tu, laipesi inakaa zaidi, kwa hivyo aliyechelewa nyumbani kama shangazi amilesi yake inaweza kuonekana nzuri na bado anaumwa. Na ukubwa wa hiyo namba hausemi ukubwa wa ugonjwa. Elfu mbili si lazima iwe mbaya kuliko mia sita.

Ya kufanya, na maziwa je?

Maumivu ya ghafla juu ya kitovu yanayopenya mgongoni, yasiyotulia kwa dawa ya alsa, mtu anatapika, anainama mbele ndo apate nafuu kidogo: hospitali, usiku huohuo. Usingoje asubuhi, usichemshe mizizi, usimpe supu ya pweza eti apate nguvu. Homa, macho kuwa manjano, kupumua kwa shida, mkojo kupungua, hizo ni za kukimbia.

Wodini kazi kubwa ni maji ya dripu kwa kipimo, dawa ya kweli ya kutuliza maumivu, na kuanza kula mapema anapoweza, siku hizi hawamfungishi mtu njaa siku nyingi kama zamani. Dawa za kuua vijidudu si za kila mgonjwa, usiwalazimishe madaktari. Ile dripu yake ukiisoma pengine imeandikwa Ringer, huyo ni Sydney Ringer, mwaka 1883 aliona moyo wa chura unaendelea kupiga kwa sababu maji aliyowekewa yalikuwa ya bomba la London na si yaliyosafishwa, akatafuta ndani ya maji ya bomba kuna nini, akakuta ni kalsiamu. Kwa hivyo kalsiamu kidogo shangazi alikuwa akipewa tayari, imening'inia juu ya kichwa chake.

Maziwa: hayana kosa. Kuna watu wakisikia habari ya kalsiamu kujaa kwenye seli wanaacha maziwa, dagaa, na hata sukuma wiki, na ni kujinyima bure tu. Mwili unaishika kalsiamu ya damu kwa mkono mkali sana, kupitia vile vitezi vinne vidogo vya shingoni, na glasi ya maziwa haifiki kuijaza seli ya kongosho. Wiki za mwanzo punguza mafuta mengi kwa sababu ya kongosho na mawe ya nyongo, hilo ni jambo jingine, viazi karai na bhajia zingoje. Tahadhari iko kwa wanaomeza tembe za kalsiamu na vitamini D nyingi bila kuandikiwa, maana kalsiamu ya damu ikipanda kweli nayo inaweza kuwa chanzo cha kongosho kuvimba. Zile tembe za binamu tulizirudisha dukani.

Aliyepata kwa pombe aache kabisa, kupunguza hakutoshi, na sigara vilevile. Aliyepata kwa mawe aulize kabla hajatoka, mfuko wa nyongo utatolewa lini, kwa ugonjwa mwepesi ni bora utolewe akiwa bado amelazwa, ukiachwa mawe yanaweza kushuka tena. Apimwe sukari baadaye, kwa sababu visiwa vya Langerhans viko ndani ya nyumba ileile iliyoungua.

Jambo la mwisho, na hili husahaulika sana hata na sisi wenyewe wa kazi. Kama hakuna mawe na hakuna pombe, omba kalsiamu na trigliseridi zipimwe tena akishapona, wiki kadhaa baada ya kutoka. Ile sabuni ya tumboni inaishusha kalsiamu wakati wa ugonjwa, kwa hivyo mtu ambaye yake hupanda kwa sababu ya vile vitezi vya shingoni anaweza kuonekana wa kawaida kabisa akiwa wodini, akarudishwa nyumbani, chanzo kikabaki. Shangazi alikuwa na mawe na tulijua, lakini tulipima hivyohivyo alipokwenda kutolewa nyuzi. Ikatoka 2.35, akaniambia niiandike nyuma ya ile kalenda, kando ya mchoro.